Mulamula Saba

Alhamisi, 19 Februari

Siku ya tatu. Nimeamka kabla ya binti yangu Asimwe. Nimeketi kwenye kigoda karibu na dirisha, nimetoa punje moja ya kahawa katika kikapu kidogo cha marehemu mke wangu Paulina, nimeiweka mdomoni. Kunyamaza mpaka iishe. Hiyo ndiyo sala yote.

Sista Edita, muuguzi anayekuja kunipima presha, ndiye aliyenipa kazi hii. Nilimlalamikia kwamba rozari inanishinda, nasahau nimefika fumbo la ngapi. Akacheka. "Mwalimu, umemsemesha Mungu miaka themanini na mbili. Mpe nafasi na yeye." Alisema nisitafute jambo jipya, nichukue nililolizoea. Nimezoea kutafuna kahawa. Huku kila mtu anatafuna. Mgeni akiingia hupewa punje kabla hata ya maji, na mkila pamoja mmewekeana amani.

Nisipoiuma, inachukua kama dakika kumi. Meno yenyewe ni manne, hayana ubishi.

Miguu imevimba hadi magotini.

Ijumaa, 20 Februari

Nimesinzia. Punje karibu inikabe. Asimwe amenipiga mgongoni kama mtoto mchanga. "Tata, ukifa kwa kahawa nitawaambia nini watu wa msibani?"

Nimecheka hadi kifua kikauma. Binti yangu huyu ana ulimi wa mama yake.

Jumatatu, 23 Februari

Leo kimya kilikuja vizuri. Ndege, kisha hata ndege wakawa mbali. Halafu akaja Mugisha. Kaptula ya kaki, goti lenye kidonda, mstari wa mbele darasa la pili. Alikuwa anaandika namba tano kinyumenyume.

Nimetema punje.

Jumatano, 25 Februari

Mwanangu Deus amepiga simu kutoka Bukoba. Wapimaji wa ardhi watafika Jumamosi ya tarehe 14 Machi. Anataka hati ya kibanja, hili shamba letu la nyumbani, itoke ningali hai. Hakusema hivyo, lakini mimi ni mwalimu, nasikia ambalo mtoto hajasema.

Ataniweka kwenye kiti shambani niwaonyeshe mipaka. "Tata, wewe ndiye ramani yetu."

Nimesema sawa. Nimekata simu, nimefunga dirisha la upande wa juu.

Jumapili, 1 Machi

Sikwenda misa, siwezi tena. Asimwe yuko kanisani. Nyumba ni yangu. Naandika sasa kwa sababu kesho nitatafuta sababu ya kutoandika.

Mpaka wa kibanja changu na kibanja cha Mama Mugisha si pale ulipo. Niliuhamisha mimi. Ni miaka thelathini na moja sasa.

Mugisha alikufa kwa malaria akiwa na miaka minane. Hakuwa na ndugu. Walimzika kibanjani kwao, kama tunavyozika wote, kwenye kona ya juu, karibu na mpaka wetu. Mwaka uliofuata baba yake alivuka mpaka wa Murongo kwenda kutafuta kazi Uganda, hakurudi. Mama Mugisha akaenda kumtafuta. Alikaa wiki sita.

Ilikuwa masika kama haya. Huku hatuweki mpaka kwa ukuta wala waya. Tunapanda mulamula, ule mmea wa majani marefu, na palipopandwa mulamula pamepandwa neno la wazee. Anayeung'oa amelaaniwa. Nilijua. Niliwafundisha watoto hivyo darasani.

Niling'oa mulamula saba. Nikazipanda hatua tisa ndani ya kibanja chake. Mvua ikanyesha siku nne mfululizo, zikashika kama zilizozaliwa pale.

Sikuwa na njaa. Sikuwa na watoto wa kukosa pa kujenga. Nilitaka shamba langu liwe mraba. Nimetafuta sababu nyingine tangu alfajiri, sioni.

Aliporudi aliita baraza. Mimi nilikuwa katibu wa baraza. Mimi ndiye niliyeandika alichosema, na mimi ndiye niliyejibu. Wazee wakasema Mwalimu hawezi kusema uongo. Mama Mugisha hakuwa na mwanamume wa kusimama upande wake. Alisimama peke yake, amejifunga kanga kiunoni, akatazama kalamu yangu.

Alichoomba mwishoni ni kaburi tu. Apite kulipalilia.

Nilikataa. Hakuna anayezika mtoto wake kwenye kibanja cha mwenzake. Kaburi lilikuwa shahidi. Kwa hiyo niliondoa jiwe la kichwani, mawe mawili ya juu nikayafukia pale pale, nikapanda mgomba.

Nimeandika. Mkono umechoka.

Jumapili hiyo hiyo, jioni

Paulina alijua. Hatukusema hata siku moja. Alikuwa akipalilia kuzunguka ule mgomba kwa mkono, bila jembe. Ndizi zake alizipika, akatupakulia, yeye hakula. Nilifikiri ni tumbo.

Jumanne, 3 Machi

Siwezi kumaliza punje. Nikifumba macho naona mguu wa mtoto.

Nimemwambia Sista Edita. Yote. Alikuwa amenifunga ule mpira wa presha mkononi, akasahau kuutoa, vidole vikafa ganzi. Nikasema nataka padri. Akasema padri anakuja Jumapili ijayo, nitaungama, ni vizuri. Kisha akatazama dirishani. "Lakini Mama Mugisha yuko hatua mia mbili, Mwalimu. Yuko leo."

Nilimkasirikia. Aliondoka bila chai.

Jumamosi, 7 Machi

Nimemwambia Asimwe. Alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama.

"Ule mgomba wa kona ya juu?"

Ndiyo.

"Ule tunaoukata Krismasi?"

Ndiyo.

Ameweka kisu ndani ya beseni, amenawa mikono, amekwenda nyuma ya nyumba. Amerudi baada ya saa nzima. Amepika ugali.

Jumapili, 8 Machi

Padri amekuja. Nimeungama. Kitubio ni kurudisha. Alisema kwa upole, akanishika kichwa. Nilitegemea nitakuwa mwepesi. Si mwepesi.

Jumanne, 10 Machi

Deus. Nimemweleza kwenye simu. Akaongea kwa sauti anayotumia na watu wa chini yake kazini.

"Tata, si unasali kwa kunyamaza? Basi nyamaza. Wiki moja tu."

Nikasema hapana. Akasema watu wa umri wangu wakiugua miguu, maji hupanda kichwani, wanasema mengi. Akasema atawaeleza wapimaji hivyo. Hajatukana. Angetukana ingekuwa afadhali.

Naogopa. Nimekaa na uongo muda mrefu kiasi kwamba ukweli wangu sasa unaonekana ugonjwa. Na atakayeshuhudia ni nani? Wazee wa baraza wote wako ardhini. Mulamula zenyewe zimekuwa nene, zimepita paa.

Nikifa kabla ya Jumamosi, kona ile itaandikwa jina langu kwa muhuri wa serikali.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Sikutoka. Punje nusu.

Alhamisi, 12 Machi

Nimekwenda. Asimwe alinishika kwapa, fimbo mkono mwingine. Hatua mia mbili, nimepumzika mara tano. Mara ya tano nilikaa chini kwenye matope kabisa. Asimwe hakunicheka, na hilo lilinitisha.

Mama Mugisha alikuwa kibarazani anapukuchua maharage. Jicho moja lina ukungu. Miaka yote hii kijiji kizima kinamwita kwa jina la mtoto. Na mimi pia, njiani, kila tukipishana. Nimemwita Mama Mugisha mara elfu na mtoto wake nimemfunika.

Tulisalimiana kwa Kinyambo, kirefu, kama inavyopasa. Alinipa kigoda. Hakuleta kahawa.

Nikasema. Mulamula saba, hatua tisa, mvua ya siku nne. Mgomba. Sikuongeza maneno ya kujitetea, niliyaandaa lakini yakaisha njiani.

Vidole vyake havikuacha maharage.

"Nilijua, Mwalimu. Siku niliporudi nilipita pale ulipong'oa. Mguu ukazama. Mashimo yalikuwa laini bado."

Nikauliza kwa nini hakulisema hilo barazani.

"Nililisema. Hukuliandika."

Sikumbuki. Naapa sikumbuki. Lakini najua ni kweli, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa.

Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa: "Jiwe lake la kichwani liko wapi?"

Nikamwambia. Liko kwenye msingi wa banda la mbuzi. Nililiweka mimi.

Hapo ndipo maharage yalipomwagika. Asimwe akainama kuyaokota. Tukamwacha Asimwe aokote moja moja.

Nilikuwa na punje mbili kwenye kitambaa. Nikamnyooshea moja. Mkono wangu ulikaa hewani muda mrefu. Aliichukua. Hakuitia mdomoni. Aliifunga kwenye pindo la kanga, fundo dogo, akalivuta kwa meno likakaza.

"Nenda nyumbani, Mwalimu. Mvua inakuja."

Jumamosi, 14 Machi

Walifika saa nne. Wapimaji wawili, mwenyekiti wa kitongoji, majirani wachache. Deus alifika usiku wa kuamkia leo, hakunitazama wakati wa chai. Mama Mugisha alisimama upande wake wa mulamula, ameegemea jembe.

Walinibeba na kiti. Deus akawaambia wapimaji kabla sijafungua mdomo: "Mzee anaumwa, mtamwelewa. Mpaka ni huu wa mulamula, kila mtu anaujua."

Nikasema mpaka si huu. Nikaonyesha kwa fimbo.

Mpimaji mdogo akamtazama Deus. Mwenyekiti akatabasamu, lile tabasamu la kumtabasamia mzee. "Mwalimu, shikamoo. Labda upumzike kwanza."

Nikasema kateni ule mgomba. Chimbeni chini yake, kiasi cha mkono hadi kiwiko. Mkikosa mawe mawili yaliyolala sambamba, niandikeni kichaa.

Hakuna aliyekwenda. Asimwe akaenda. Alichukua panga kwa mwenyekiti, akaukata mgomba kwa mapigo manne, mkungu mchanga ukaanguka nao. Kisha Mama Mugisha akavuka mulamula. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu baraza. Alichimba yeye. Mtu mmoja akataka kumpokea jembe, akakataa.

Jembe liligonga jiwe. Mlio huo niliusikia kwenye meno.

Aliacha jembe, akapiga magoti, akafukua kwa mikono. Jiwe la kwanza. La pili. Mwenyekiti alivua kofia. Wengine nao wakavua. Deus alikuwa ameshika simu kama anayetaka kumpigia mtu, akairudisha mfukoni.

Wakati wa kunirudisha yeye ndiye aliyeshika mguu wa kiti upande wa kulia. Mpaka umeandikwa hatua tisa nyuma.

Jumapili, 15 Machi

Deus ameondoka alfajiri. Kabla ya kwenda alibomoa kona ya banda la mbuzi kwa mtaimbo. Nilimsikia. Alibeba jiwe begani peke yake hadi kule juu. Aliporudi alikuwa na udongo kwenye shati lake zuri. Alisimama mlangoni. Akasema, "Tata, laiti ningelijua tangu zamani."

Nilisema safiri salama.

Jumatano, 18 Machi

Mbaya. Pumzi fupi. Sista amekuja mara mbili. Punje sikuweza.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua tangu saa kumi na moja. Mama Mugisha amepanda mulamula saba. Vipande alikata kwake mwenyewe, hakutaka vya kwetu. Zile nene, Asimwe amezing'oa kwa ruhusa ya mwenyekiti, kwa kuwa hatuchezi tena na jambo hili.

Hakuingia nyumbani kwangu. Sikutegemea. Nilitegemea kidogo.

Jumamosi, 21 Machi

Asimwe amenisimulia akiwa ananipaka mafuta miguuni. Baada ya kupanda, Mama Mugisha alikaa kaburini. Akafungua fundo la kanga, akatoa ile punje. Akachimba kwa kidole, akaifukia karibu na jiwe la kichwani.

Kahawa hiyo imechemshwa. Haitaota. Yeye anajua kuliko mimi.

Kwa hiyo hakuila na mimi. Amempa mtoto. Nimegeukia ukutani. Asimwe ameendelea kupaka mafuta.

Jumapili, 22 Machi

Mvua imekatika. Nimeomba kigoda kisogezwe dirisha la upande wa juu. Kutoka hapa naona kona yote, sasa mgomba haupo.

Mama Mugisha amekuja mapema, na kikapu. Anapalilia kwa mkono, bila jembe. Hajatazama huku.

Nimeweka punje mdomoni. Nimenyamaza. Mugisha hakuja, au amekuja na sikumwogopa, sijui. Mulamula mpya zimeinama kidogo, lakini zimeshika.

Punje imekwisha. Sijainuka.