Siku Tuliyoshuka Ruvuma

Newala,
Jumanne, 22 Oktoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute una nguvu, na lile goti lisiwe linakusumbua tena unapopanda kwenda kwenye migomba. Mama naye kifua kinaendeleaje? Mwili wangu mimi ni mzima. Huku joto ni kali, korosho zimeanza kuanguka, na maji tunanunua kwa madumu kama ilivyo kila mwaka miezi hii.

Utashangaa kuletewa barua na mwalimu Cuthbert, anayekuja huko nyumbani, wakati simu ninayo. Nimekupigia mara tatu nikitaka kukueleza jambo hili. Kila mara ulianza wewe kunipongeza, nami nikageuza maneno nikauliza habari za Mama.

Mkuu wa shule alikuambia kwamba nimeokoa mtu. Acha nikusimulie siku yenyewe.

Jumamosi ile, tarehe 12, tulikuwa watatu: mimi, mwalimu mwenzangu Yasinta, mzaliwa wa Masasi, na Bwana Hamidu, mkulima anayezijua njia zote za kuteremkia Mto Ruvuma. Tuliondoka kabla jua halijachomoza. Kule chini si kama huku juu, Baba. Ni makorongo makavu, mchanga unaounguza hata ndani ya viatu, na migongo ya mawe. Ukimaliza kupanda mmoja unaona mwingine. Saa nne tulifika mtoni, tukanawa, tukala mihogo ya kuchemsha huku tukiitazama Msumbiji ng'ambo. Yasinta alicheka sana siku ile. Alikuwa ameniomba mwaka mzima twende naye.

Wakati wa kurudi, Hamidu alitaka tufuate njia tuliyojia, ingawa inazunguka. Mimi nikashikilia tukatize korongoni. Nilimwambia kwamba mtu aliyezaliwa Kilimanjaro hafundishwi kupanda. Alikubali kwa adabu. Humo korongoni Yasinta alikanyaga jiwe, likabiringika naye, mguu ukavunjika juu kidogo ya kifundo.

Simu hazikushika mtandao. Hamidu akasema atapanda kijijini kuita watu wa kumbeba. Tulikuwa tumebakiwa na chupa moja ya maji, akanikabidhi mimi.

"Mwalimu, usimwache," aliniambia. "Na maji haya ni ya mgonjwa."

Tulikaa. Jua lilikuwa utosini, na kivuli cha mwamba tuliouegemea hakikutosha watu wawili. Nilimnywesha Yasinta kidogo kidogo, akanishukuru kila mara, mpaka akapitiwa na usingizi wa maumivu. Nilipomwona amelala nikapiga funda moja. Halafu jingine.

Mkuu wa shule alikuambia kwamba nilikimbia juani kwenda kuwapokea wale wabebaji na kuwaonyesha njia. Baba, Hamidu hahitaji kuonyeshwa njia na mimi. Mimi niliogopa. Nilisikia kitu kikichakarisha majani makavu, nikawaza chui, nikawaza tutakufa wote wawili mle shimoni, nikachukua chupa nikapanda. Moyoni nilijiambia naenda kutafuta mtandao, lakini simu sikuitoa mfukoni hata mara moja. Huko juu nilikuta mti, nikaketi chini yake, nikamaliza maji. Yasinta nilimwacha amelala, bila hata tone.

Wabebaji walipotokea alasiri, niliinuka nikawakimbilia nikilia. Wao wakadhani nimetoka kuwatafuta, wakanipa pole. Sikuwasahihisha. Tulimkuta Yasinta amejiburuta hatua nyingi kuelekea upande niliopandia, midomo imepasuka, hawezi kusema. Alilazwa siku tano.

Shuleni nilipigiwa makofi mbele ya wanafunzi, nikasimama nikayapokea.

Siku ya nne nilikwenda wodini. Nilitegemea atanifukuza. Alinitazama tu, akasema, "Niliamka nikakuita, Sia. Nikaita mpaka sauti ikaisha." Kisha akageukia ukutani. Hajamwambia mtu mwingine yeyote, na kunyamaza kwake kunaniumiza kuliko kama angenitangaza.

Jana nilikwenda kwa Hamidu kumwambia. Kumbe alijua tangu siku ileile. Alikuwa ameiona chupa tupu chini ya mti, akaitia mkobani mwake wenzake wasije wakaiona. Alisema alitaka niseme mwenyewe, na kwamba alikuwa ameanza kukata tamaa. Leo asubuhi nimemweleza mkuu wa shule, na kesho nitasema mbele ya walimu na wanafunzi. Mama yake Yasinta amefika kutoka Masasi kumuuguza, nimempigia magoti. Hakuniambia nimesamehewa. Aliniambia niinuke, kisha akaendelea kumlisha mwanawe uji.

Baba, nimesikia kwamba Jumapili mmeandaa ibada ya shukrani kwa ajili yangu, na kwamba umeahidi mbuzi. Nakuomba uisimamishe. Wakikuuliza sababu, usinifichie, waambie nilivyofanya. Najua ulitembea nyumba kwa nyumba ukilitaja jina langu, na njia ile ile utairudia kwa aibu yangu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Msalimie Mama, umsomee barua hii wewe mwenyewe, usimpe mdogo wangu Optatus aisome. Wasalimie shangazi na majirani wote watakaopenda kupokea salamu zangu. Sitakupigia simu, nitangoja unipigie wewe, siku utakayoweza.

Ni mimi mwanao,
Sia