Shikamoo kwa Mtambo wa Sweden

Mama,

Shikamoo. Itikia hukohuko ulipo, hata kama sisikii.

Nipo Mutuka kwa mkweo Baba Neema, na nikuambie ukweli: dada ameolewa na waya. Umetoka dirishani, umepita juu ya mbaazi hadi kwa jirani, eti unanasa kituo cha redio cha Sweden. Mtambo wenyewe ni wa kale, wa kutuma ujumbe kwa milio mirefu na mifupi tu. Wazee wa huko wanautunza na kuupaka grisi ili ungurume siku chache tu kwa mwaka.

Juzi ilikuwa siku yake. Baba Neema akaomba mashine ya kusaga izimwe kwanza, maana inamvurugia mawimbi. Wanawake waliokuwa foleni wakamfuata hadi nyumbani na ndoo zao za mahindi, wakimsema njia nzima.

Redio ikalia: tii, ti, tiii. Hakuna muziki, hakuna mtangazaji.

"Ndiyo hiyo tu?" wakauliza.

Mama yake Baba Neema akataka kujua mtambo una umri gani.

"Umepita miaka mia, mama."

"Kumbe mkubwa wangu! Mbona hamjauamkia?" Akainamia spika. "Shikamoo!"

Baba Neema akaanza kueleza kwamba ule unatuma tu, hausikii. Hajamaliza, spika ikalia: tiiii.

"Umeitikia," bibi akasema.

Wale wanawake wakapanga foleni upya, safari hii ya kuamkia. Mkweo alikaribia kulia. Mimi nilipanga pia.

Meza dawa zako, mama yangu. Na hiyo marahaba iseme kwa sauti. Waya bado upo juu.

Mwanao, Elia