Udongo Uliokataa Joto

Namakwekwe, Mbale

Mjukuu wangu Nambozo,

Nakusalimu huko kwenye baridi. Bibi yako mzima, na mahindi ya Busiu tumeshavuna.

Unasema mabomba ya kuvuta joto la ardhini yamefukiwa vibaya, mashine inakula umeme bure, nawe unaogopa kumwambia mkubwa wako. Mimi niliogopa hivyo Jinja, nikiwa fundi kijana wa chumba cha barafu cha samaki. Mashine yetu ilitoa joto lake kupitia bomba lililofukiwa. Ikaanza kuchemka, samaki wakaoza, na afande msimamizi akasema kuna mtu anaiharibu makusudi. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, neno hilo lilitosha mtu asirudi nyumbani.

Nikafukua. Kando ya bomba kulichoma vidole, lakini shubiri moja pembeni udongo ulikuwa baridi. Kokoto zilizolizunguka ziliacha nafasi za hewa, joto halikupita. Na aliyeagiza kokoto ni afande mwenyewe.

Nikamwendea.

"Afande, hakuna aliyeharibu. Bomba linataka udongo wa mfinyanzi, wenye maji, ulishike."

Akaniuliza, "Nani alisema kokoto?"

"Sikumbuki, afande."

"Basi shindilia huo udongo wako."

Mashine ikapoa. Jioni wenzangu wote walirudi makwao. Mimi nilijifungia chumbani, nikatapika.

Mwambie mkubwa wako habari za bomba, si za aliyekosea. Wala usingoje hofu iishe, mama. Yangu haikuisha, nilisema ikiwa bado imo tumboni.

Ni mimi babu yako, ninayekuombea.