Mkono wa Kulia wa Simba

Jumanne, 2 Juni

Dada mpendwa,

Habari za huko? Kifua chako kinaendeleaje? Sisi wazima, hofu ni kwako tu.

Shule ina mchezo wa kuigiza tarehe ishirini na saba. Mwanao Mkubwa amechaguliwa kuwa simba, na mdogo wake Kifungo ni ndege. Ndege namshonea mwenyewe kwa sindano. Simba nisaidie, maana cherehani yangu ilianguka ikavunjika. Vipimo vya Mkubwa: kifua sitini na mbili, kiuno hamsini na nane, mkono wa kushoto arobaini na mbili, wa kulia thelathini na sita. Kofia iwe na manyoya mengi, ifunike uso.

Baba yao anakusalimu.

Mdogo wako


Jumanne, 9 Juni

Mdogo wangu,

Kifua kimeniachia kidogo, ila kikohozi kimekuwa mpangaji asiyefukuzika. Nafurahi kusikia mko wazima, ingawa naona unanidanganya.

Mkono mmoja arobaini na mbili, mwingine thelathini na sita? Mimi ndiye niliyekufundisha kushika tepu, na hujawahi kukosea hata sentimita moja. Mikono ya mtoto wa miaka minane haipishani hivyo. Huyo hawezi kuunyoosha wa kulia. Na cherehani hiyo ya mama tuliiangusha mara ngapi tukiwa wadogo, ikavunjika lini?

Usiniletee salamu za shemeji. Niambie alichofanya.

Dada yako


Jumatatu, 15 Juni

Dada,

Barua yako nimeipata. Uzima wa kukusimulia sina.

Ilikuwa mwezi wa nne, siku ile ile aliyochaguliwa. Mkubwa alikuwa anafanya mazoezi sebuleni, amejivika magazeti shingoni. Baba yake akaingia, akasema yeye hakuzaa kikaragosi. Mtoto bado yumo kwenye mchezo wake, akamngurumia. Baba yake akamkamata mkono, akausokota mgongoni mpaka nikasikia kiwiko kikivunjika. Nikamrukia nikamng'ata shingo. Akanibwaga chini, akainua cherehani, akaniangushia mgongoni. Hospitali tulisema tumeanguka ngazini, mama na mtoto. Kiwiko kiliunga vibaya.

Sasa ameapa kwamba simba akipanda jukwaani atamshusha kwa kumburuta miguu, watu wote wakiona. Nimemwomba Mkubwa aache. Ananijibu, "Mama, nikiacha atakuwa amevunja vyote."

Usiniambie nivumilie. Mama alivumilia, tukamzika na makovu yake.

Mdogo wako


Jumamosi, 20 Juni

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali.

Kwenye kifurushi kuna mavazi mawili. Simba nilikuwa nimeshamshona kwa vipimo vyako, mkono wa kulia mfupi ili usimning'inie mtoto. La pili ni mti, pana, lina matundu ya macho. Mweleze mwalimu wake kila kitu, usione haya. Mkubwa avae mti, simba apewe mtoto mwingine. Shemeji atamkodolea macho simba, na ninyi watatu mtoke kwa mlango wa nyuma, mje kwangu hivyo hivyo, mti na ndege. Akigundua simba si wake, atabaki ameduwaa.

Mkubwa atalia kunyang'anywa simba wake. Afadhali alie akiwa na mikono miwili.

Dada yako


Jumanne, 30 Juni

Dada,

Tuko hai. Mwalimu ametuhifadhi nyumbani kwake.

Vazi la simba alilivaa binti wa muuza nyama, mtoto wa miaka tisa. Alinguruma mpaka watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango wa nyuma, Kifungo mgongoni, mti pembeni yangu. Baba yao akasimama. Dada, aliutazama mkono wa kulia wa simba. Kwa binti huyo uliishia mbali na kifundo cha mkono, mfupi kuliko mwenzake, kama ulivyoushona. Hakuwa na shaka hata chembe. Akapanda, akamshika kwa mkono huo, akambamiza kwenye mbao za jukwaa mara mbili. Kofia ilipochomoka ndipo alipoona nywele zilizosukwa.

Muuza nyama alifika wa kwanza, na kiti mkononi. Wazazi wengine wakafuata. Walimpiga mpaka akaacha kuomba, na baada ya hapo wakaendelea. Alikufa Jumapili.

Ningeweza kupiga ukelele mmoja tu. Nilishaona anatazama nini. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka sisi tutoke. Hilo nakwambia wewe, na nimemwambia mtu mmoja mwingine.

Jana nilikwenda hospitali. Binti amevunjika taya na bega, wanasema atapona. Nilimweleza mama yake simba yule alishonewa nani, na kwamba nilinyamaza. Akanizaba kofi, nikaona nyota. Kisha akanisogezea kiti, maana mumewe amekamatwa na hana wa kumpokea zamu. Kwa hiyo hatuji kwako bado. Mchana nakaa mimi, usiku anakaa yeye.

Mkubwa hakuona kitu, matundu ya macho yalikuwa yamempanda kichwani. Kila siku ananiuliza kama simba alinguruma vizuri. Namwambia alinguruma vizuri sana.

Mdogo wako