Niliokokea Kaburini Mwako, Watu Wakacheka

Yakobo, Mnyamwezi wewe,

Shikamoo sikupi. Ulipokuwa hai hukuipata kwangu hata siku moja, ingawa ulinizidi miaka minne, na sioni kwa nini kufa kukupandishe cheo. Nakuandikia nimekaa kwenye kibaraza cha kambi ya reli hapa Goweko, Jumamosi baada ya kazi, na kalamu ni ile ya kwako niliyoichukua mezani siku ya msiba. Usinung'unike. Mtani akichukua kitu msibani hajaiba, na desturi unaijua kuliko mimi.

Nina habari ya kukupa, na nimehangaika namna ya kuianza. Nimeokoka. Basi, nimeisema. Najua huko uliko umeshanitazama kwa jicho lile lako la kusema, Ndahani, hebu acha mzaha. Sifanyi mzaha. Hiyo ndiyo shida yangu yote, Yakobo. Nimeokoka kweli, na karibu hakuna aliyenisadiki.

Ngoja nikueleze tangu mazishi, maana ulikuwepo lakini hukuwa katika hali ya kusikiliza.

Ulizikwa vizuri. Miaka kumi na miwili ulituhubiria kwamba kuvuta tumbaku ni kazi ya shetani, na wewe mwenyewe hukuitia mdomoni. Kijiji nacho kikaamua shamba la ujamaa liwe la tumbaku, na ikaonekana hakuna anayejua kuchochea moto wa bani la kukaushia majani kama wewe, Mwinjilisti. Halafu ukafa kwa kifua. Waliobeba jeneza lako ni wavutaji wanne wa kutupwa, na hakuna aliyehema. Nililisema hilo palepale njiani, na ndugu zako waliotoka Urambo walicheka huku wanalia.

Babu zako walikuwa wapagazi. Walipita kwetu Ugogo wakielekea pwani, meno ya tembo mabegani, na babu zangu walikaa njiani wakidai hongo: leteni kitambaa, leteni shanga, la sivyo hakuna maji na hakuna kupita. Ndiyo asili ya utani wetu. Kwa hiyo jeneza lilipofika makaburini, mimi nilikuwa nimeshashuka shimoni, nimevaa koti lako la kuhubiria, nimelala chali. Nikasema, "Hapa ni Ugogo. Mzigo haupiti bila hongo!" Wakaleta kuku. Nikasema kwa Mnyamwezi mzito namna hii kuku mmoja ni matusi. Wakaongeza jembe bovu. Mchungaji alikuwa anatazama saa yake.

Hapo ningetoka. Lakini watu walikuwa wanacheka, na mimi nikiona watu wanacheka sijui kuacha, unanijua. Nikasimama mlemle nikaanza kukuigiza. Nikajifuta uso kwa leso, nikakohoa, nikasema, "Sikilizeni vizuri, maana sitarudia," kisha nikarudia mara tatu kama ulivyozoea. Watu walishika mbavu. Nikaingia kwenye hubiri lako, lile moja, maana tuseme ukweli, ulikuwa na hubiri moja tu. La yule mpagazi aliyefika kambini akakataa kutua mzigo. Wenzake wameshakaa wanakula, yeye kasimama na mzigo kichwani, anaogopa wenye njia watamdai tena. Na mkuu wa msafara anamwambia: hongo ya njia nzima imeshalipwa, mwanangu ameilipa kwa damu yake, kilichobaki kwako ni kutua tu.

Hubiri hilo nimelisikia miaka yote nikiwa nje, nimeegemea dirisha la kanisa, nakungoja umalize tukanywe uji. Kulisikia si kulisema. Siku ile nilipofika kwenye neno "tua" nilikuwa nimesimama mahali utakapolala wewe, ukingo wa shimo umenifika kifuani, na mama yangu akanijia mbele ya macho.

Habari yake unaijua wewe peke yako. Mwaka ule wa njaa alituma watu mara mbili kuniita nyumbani, nikajibu kwamba reli hainipi ruhusa. Ruhusa yenyewe sikuiomba. Niliogopa kumwona ana njaa na mimi mikono mitupu. Akafa ananitaja jina, wakamzika wengine. Tangu hapo nimechekesha watu kutoka Goweko hadi Tabora mjini ili nisilisikie jambo hilo, na aliyewahi kuniona nalia ni wewe, siku ile mvua ilipotufungia ndani ya bani. Hukunihubiria siku hiyo. Ulichochea moto tu, ukaniachia nafasi karibu nao.

Basi nikasema kwa sauti, mbele ya watu wote: "Mimi Ndahani nilimwacha mama yangu afe ananiita. Leo natua. Yesu, nisamehe." Machozi yananitoka, kamasi zinanitoka.

Yakobo, walicheka kuliko mwanzo! Binamu yako wa Cheyo alikaa chini kwa kucheka, akasema tangu azaliwe hajaona mtani anayejua kulia namna ile. Mchungaji mwenyewe alitabasamu, akanipa mkono kunitoa shimoni. "Umetufariji, mzee," akasema. "Sasa tuzike." Nimetubu mbele ya kijiji kizima, na hata amina moja sikupata.

Nikarudi kambini nikiwaza. Nikajiambia, kama maneno yangu yamekwisha thamani, basi nitashuhudia kwa matendo kama ulivyofanya wewe. Unakumbuka siku mgeni wa wilaya alipokuja kukagua shamba la ujamaa? Letu lilikuwa magugu matupu, kwa hiyo usiku wa kuamkia siku hiyo viongozi waliling'oa bango lake wakalipanda kwenye shamba la mwenyekiti, lililostawi mpaka linang'aa. Mgeni akasifu, akakugeukia wewe kwa kuwa ulionekana mtu mzima: "Mzee, hili mnalima wote?" Nilikukanyaga mguu. Ukasema, "Hapana, ndugu. Hili ni la mwenyekiti. La kwetu liko kule, limeshindwa na magugu, na mimi mwenyewe sijakanyaga siku tatu." Ikabidi niingilie: "Ndugu mgeni, usimsikilize huyu Mnyamwezi, hayo magugu ndiyo mboga yake, ameyapanda mwenyewe." Mgeni akacheka, wengine wakapata pa kujificha, mambo yakapita. Wiki mbili kijiji hakikukusalimia. Wiki ya tatu watu walikwenda kupalilia bila kupigiwa kengele. Ulinishukuru kwa kukutoa kwenye mdomo wa simba, ukauliza ni lini nami nitakuruhusu unitoe. Nikakujibu simba wangu hali Wagogo, hatuna nyama.

Basi nikachagua tendo. Nikamchukua yule kuku wa kaburini nikampeleka kwa mke wako. Nikasema, "Mama Rahel, nimerudisha. Mimi sasa ni mtu mwingine."

Kurudisha kitu cha utani! Ingekuwa mtu mwingine ningemcheka mwenyewe. Mama Rahel aliweka ungo chini. "Tumekukosea nini, mtani? Mume wangu hana hata wiki mbili ardhini, na wewe unatukatia utani?" Nikajaribu kueleza, nikazidi kuharibu. Kabla ya saa sita mchana wazee watatu wa ukoo wako walikuwa kambini, wamevaa kofia, wananiuliza ugomvi umeanzia wapi. Ilibidi nimchukue kuku tena na kudai wa pili kwa matusi mengi, ndipo nyuso zao zikakunjuka. Kwa hiyo tendo langu la kwanza la Kikristo limeniongezea kuku.

Ndipo nikaenda kwa Mchungaji. Nikamwambia yote, hata la mama yangu, nimesimama wima kama askari. Alinisikiliza sana, na kila nikifika mahali pa uchungu nilimwona anangoja sehemu ya kuchekesha. Mwishoni akasema, "Mzee Ndahani, nataka kukusadiki. Lakini mtu akishasema uongo wa kuchekesha maisha yake yote, kanisa litamjuaje? Kaa miezi mitatu bila utani. Neno lako liwe ndiyo au hapana. Ukiweza, nitakuandika kwenye darasa la ubatizo." Nilikubali. Nilitamani kubatizwa kuliko nilivyowahi kutamani kitu, na bado natamani.

Usicheke. Nilikaa wiki nne na ushee. Siku ya tatu wenzangu wa genge la reli waliniletea dawa ya mizizi. Siku ya tano nyapara aliniambia nipumzike, kwa sababu nilikuwa nimekaza boliti za mataruma ya reli asubuhi nzima bila kumtukana Mnyamwezi hata mmoja, akaona ni homa ya kichwani. Mwenyekiti wa kijiji alipita kuniuliza kama nimepata barua ya kuhamishwa. Mimi nilijibu ndiyo au hapana. Nilijaribu hata kutembea kama wewe, mikono nyuma. Nilidhani kuokoka ni kugeuka Yakobo.

Nyumbani kwako nilikuwa napita kila Jumapili, nakaa dakika chache, naaga. Mama Rahel alikuwa amekonda. Binti yako Rahel aliniambia mama yake hali chakula, na tangu siku ya mazishi hajacheka. Nilisikia, nikasema, "Hapana, si vizuri," nikaenda zangu. Fikiria. Mjane wa rafiki yangu anakauka, na mimi natunza cheti changu cha ubatizo ambacho hata sijapewa.

Siku ya arobaini nikafika mapema nikakaa nyuma ya Mchungaji. Walikuja watu wengi, wa Urambo, wa Cheyo, wa kijijini. Wali ukaliwa kimya kama dawa. Kila mtu alikuwa ananitupia jicho akingoja nianze, nami natazama vidole vya miguu. Mama Rahel alikuwa kwenye mkeka wake, sahani mbele yake haijaguswa. Akaniita, nikaenda nikachuchumaa. Akanitazama usoni muda mrefu, akasema polepole, "Mtani, hata wewe umekufa?"

Nilimtazama Mchungaji. Nikasema moyoni, Bwana, nisamehe na hili. Nikanyanyuka.

Nikatwika gunia la mahindi lililokuwa pembeni, nikaingia mbinguni kwa mwendo wako. Nikawaonyesha Yakobo anafika, anakuta mbinguni nako watu wamehamishiwa kijijini, nyumba zimepangwa kwa mstari, balozi wa nyumba kumi ni malaika mwenye daftari. Yakobo analalamika, nyumba yake iko mbali na kisima. Anaomba jembe, anaambiwa huku hatulimi, anakasirika, anauliza basi watu watajuaje kwamba mimi ni mchapakazi? Anapelekwa kwenye nyumba yake, anapiga hodi kwa jirani, anatoka bibi mmoja wa Kigogo, mfupi, meno mawili. Bibi anamwambia, "Mnyamwezi, hapa hupiti bila hongo." Yakobo anasema, "Bibi, mbinguni hongo imeshalipwa!" Bibi anasema, "Najua. Nilikuwa nakuzoesha tu. Ndahani wangu hajambo?"

Hapo nikakwama. Salamu hiyo sikuwa nimeipanga, Yakobo, ilitoka tu, kwa kinywa cha mama yangu. Nikabaki nimesimama na gunia kichwani mbele za watu.

Na Mama Rahel alicheka. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwani kikadondoka, akashika tumbo, akalia, akacheka tena. Kisha akavuta sahani akala. Alikula mbele ya macho yangu, wali wote, na mchuzi akaongezewa. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Watu walipoanza kutawanyika Mchungaji alinijia. Yeye naye alikuwa amecheka, nilimwona, alijifunika kwa kitabu cha nyimbo. Lakini kazi ni kazi. "Ndahani," akasema, "umevunja ahadi." Nikasema ndiyo. "Itabidi tuanze kuhesabu upya." Nikasema ndiyo. "Na ukiitwa tena kwenye msiba?" Nikafikiri, nikasema, "Nitakwenda, Mchungaji." Akanitazama tofauti na siku zote, hakungoja sehemu ya kuchekesha. Mama Rahel akasema akiwa palepale mkekani kwamba yeye ndiye atakayekuwa msimamizi wangu siku ya ubatizo, iwe baada ya miezi mitatu au mitatu mingine, na kwamba anayetaka kubishana naye aje amekula.

Sasa amenisadiki mmoja, mke wako, pengine na nusu ya Mchungaji. Wengine bado wananiambia, "Mgogo, ule wokovu wako wa kaburini ulikuwa mtamu, turudie." Siwalaumu. Mwenyewe nilikucheka miaka kumi na miwili, na hukuacha kuja.

Nakukosa, mtani. Nalisema bila mzaha. Uji nakunywa peke yangu, hauna ladha, na hakuna wa kunitukania kabila langu kwa adabu.

Basi lala, Mwinjilisti, mpaka tarumbeta ikuamshe. Ukimwona mama yangu, mwambie naja, na safari hii sisingizii ruhusa. Mjane wako nitamtunza na nitamchekesha, hata kama kila kicheko kitanirudisha mwanzo wa hesabu. Na siku nitakayosimama mbele ya kanisa kusema Yesu amenisamehe, najua watacheka. Nitawaacha wacheke washibe. Sitatikisa kichwa, sitaongeza neno, sitakaa chini. Nitasimama hapohapo mpaka wanyamaze.

Mtani wako,
Ndahani