Mgongo wa Mama Mkwe

Mandewa, Jumanne 15 Agosti 1995

Basi mgongo uliohitaji mikono yangu leo ndio mgongo nisioruhusiwa kuugusa. Mama mkwe kafika kutoka Ilongero, mgongo umepinda kwa kupura alizeti. Kwa mila zetu mkwe hashikwi, hata uwe mkandaji mwenye ubao wa jina lako nje ya nyumba.

Nikampa mke wangu Zaituni mafuta ya vuguvugu, wakaingia chumbani. Mimi nikakaa nyuma ya pazia nikitoa maelekezo: polepole, shuka chini ya bega, fuata pumzi yake! Redio mpya ya jirani ilinikera mno. Tangu biashara iachiwe huru, kila nyumba ina kelele zake. Nikazidi kupaza sauti.

Mwishowe mama akakoroma. Kwenye kazi yangu hakuna shukrani kubwa kuliko hiyo. Alipoamka akasimama wima, akasema kwa mbali, "Ahsante, baba." Nikavimba kichwa.

Jioni nikamsifu Zaituni kwa kunifuata vizuri. Akacheka.

"Nikufuate wapi? Kwa redio ile sikusikia hata neno. Mikono ilikwenda yenyewe."

Ilikwenda yenyewe! Na mimi miaka yote nawaambia wateja hicho ni kipaji changu peke yangu.

Nimetoka kuutazama ubao. Chini ya jina langu bado kuna nafasi.