Alhamisi Zetu Zimegeuka Hitima

Maalim wangu,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini mkono umekataa kuandika lolote kabla ya salamu.

Tangu tulipokuzika tumehamishiwa kijiji kipya cha Ujamaa. Madrasa yako ya Kwedizinga imebaki porini, inaliwa na mchwa. Hilo ningelivumilia. Kinachonimaliza ni Alhamisi.

Unakumbuka? Watoto wakipumzika, walimu wa vijiji jirani walikuja kwako, na Maalim Shabani wa Ngombezi na baiskeli yake. Mmoja anafundisha, sisi wengine tunakaa mkekani tumejifanya watoto. Somo likiisha, aliyefundisha anajikosoa kwanza, ndipo wenzake waseme. Siku yangu ya kwanza kufundisha, wewe ukiwa mtoto mkekani, ulinisomea mstari mzima wa juzuu kwa sauti tamu, huku macho yako yanafuata kuku mlangoni. Nikakusifu! Ukaniuliza, "Sasa mwanangu, hapo nimesoma au nimekariri?" Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Tangu siku ile watoto wangu nawaanzishia katikati ya mstari, nijue nani anasoma kweli.

Wenzangu bado wanakuja, sasa kwangu, Maalim. Ndiyo maana inauma. Arobaini yako ilipopita walisema tukusomee Yasini kwanza, kisha tufundishane. Tukasoma, tukala ubwabwa, jua likazama. Sasa kila Alhamisi ni hitima yako. Wanakusifu, wanalia, wanaaga. Hakuna anayesimama kufundisha mbele ya mwenzake. Na Shabani, uliyemtoa fimbo mkononi kwa upole, ameirudia. Juzi nimemwona mwanafunzi wake viganja vimevimba.

Nitasemaje? Nikisema tupunguze kisomo, nitaonekana nakunyima dua. Hawana ubaya, wanakupenda. Lakini wanakuombea huku kazi yako inakufa mikononi mwetu, na mimi nimekaa kimya nakula ubwabwa. Maalim, nimekata tamaa. Kweli nimekata tamaa.

Yasini yako nitakusomea peke yangu, alfajiri. Alhamisi ijayo, kabla hawajafungua misahafu, nitasimama nifundishe, kisha nijikosoe mbele yao. Huenda wakaninunia. Huenda wakaondoka wote, nikabaki najikosoa mbele ya mkeka mtupu. Nitajikosoa hivyo hivyo. Zaidi ya hapo sina cha kukuahidi.

Pumzika, Maalim. Niwie radhi kwa machozi haya.

Mwanao,
Athumani